Kiti cha Mbali na Maua

Matsue, 21 Oktoba 1958

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole, ambavyo vimetobolewa na sindano mpaka vimezoea. Msimu wa kimono za baridi umeanza, na kila mwanamke wa mji huu amenenepa tangu mwaka jana ila hakuna anayekubali. Kwa hiyo napima kiuno kimyakimya na kuongeza kitambaa bila kusema kitu.

Sasa nisikilize, na usiichane barua hii kabla hujafika mwisho.

Jana Bi Uragami Kinu alikuja kupimwa. Unamjua kwa jina: yule mjane wa nyumba kubwa nyuma ya ngome, ambaye akikualika chai, kesho yake mji mzima una habari. Nilimpa chai kwenye bakuli la rangi ya majivu ulilonipa siku niliyohama, maana sina jingine. Alikunywa, akalipindua kutazama kitako, akauliza nani kalifinyanga. Nikamwambia ni baba yangu. Akasema, "Hilo bakuli naliomba kwa siku moja."

Siku yenyewe ni Jumapili tarehe tisa Novemba, atakapofungua jiko la sakafuni kwa ajili ya majira ya baridi. Watakuwepo wote ambao neno lao lina uzito kwenye mambo ya chai hapa Matsue. Na mgeni mkuu, Baba, meza mate kwanza, ni Mwalimu Takatsuka.

Bi Uragami anayajua yaliyopita. Anasema hatamwambia kitu. Bakuli litawekwa mbele yake kama bakuli lolote, na kama lina la kusema litajisemea. Unajua desturi, mgeni mkuu peke yake ndiye anayeuliza kwa niaba ya wote. Akiuliza, jina lako litatajwa chumbani mwa chai mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja.

Unakubali? Nami nimealikwa, nadhani kwa heshima ya bakuli. Nimewashonea wageni wa chai miaka sita, lakini kukaa mgeni sijawahi hata siku moja. Nifundishe, maana hapa sina wa kumwuliza bila kuchekwa.

Mwanao,
Naeko


Otani, 26 Oktoba 1958

Mwanangu Naeko,

Nilipofika kwenye jina la yule mtu nikaichana barua yako. Kisha nikaigandisha kwa uji wa mchele ili niujue mwisho wake. Kama kuna mahali nimejibu kombo, kipande kimoja kilipotelea kwenye kuni.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, hukuambiwa yote. Siku ile, kwenye nyumba nyingine ya chai huko Matsue, nilikuwa kwenye chumba cha kuoshea vyombo, nyuma ya mlango wa karatasi, nimevaa nguo ya kuazima kwa jirani. Ndani, bakuli langu bora kuliko yote niliyowahi kufinyanga lilikuwa mikononi mwa Takatsuka. Nikasikia amekunywa. Nikasikia wenzake wamekunywa. Likamrudia alitazame, nami nikakaza sikio nisikie anauliza. Hakuuliza. Aliliweka chini, akainama, chai ikaisha. Wengine walipoona mgeni mkuu hakujali hata kuulizia jina, nao wakajua la kufanya. Toka siku hiyo hakuna nyumba ya chai iliyochukua bakuli langu, na mimi nafinyanga mitungi ya figili za chumvi.

Hata mitungi siku hizi haina mtu, watu wanataka ndoo za plastiki. Iwakura wa kiwanda cha vigae anataka nikamkanyagie udongo, na anataka jibu kabla ya tarehe ishirini Novemba. Basi tufanye hivi. Bakuli ni lako, mpe Bi Uragami. Yule mtu akiuliza, nawasha tanuri. Asipouliza, nalibomoa na matofali nampa Iwakura. Nimechoka kusubiri nyuma ya mlango.

Haya, ugeni. Mimi nimeujua kwa masikio, lakini masikio nayo ni shule. Saa na pete vua, zisije zikakwaruza chombo cha watu. Soksi nyeupe ziwe mpya, uzivalie mlangoni pale pale, usizitembeze barabarani. Ingia kwa magoti, kipepeo chako cha kujipepea, kimekunjwa, kikitangulia. Ukingo wa mkeka usiukanyage hata ukiwa unaanguka. Kitafunwa kitamu utakila kabla ya chai na utakimaliza. Kikikushinda kifunge kwenye karatasi yako, kitie kwenye mkono wa kimono, uondoke nacho. Bakuli likikufikia, mwombe radhi anayekufuata kwa kumtangulia. Ligeuze mara mbili usije ukanywea upande wake wa mbele, kisha futa pale ulipogusa. Ukitaka kulitazama, shusha viwiko mpaka magotini. Bakuli la kutazamwa halipandishwi hewani, tumelitolea jasho.

La mwisho ndilo kubwa: usikae juu. Mgeni mkuu hukaa karibu na tokonoma, ile nafasi ya ukutani yenye ua na maandishi. Wewe kaa mbali na maua kadiri chumba kitakavyokuruhusu. Kaa huko, fumba mdomo, fanya anachofanya wa mbele yako.

Baba yako,
Yasaku


Matsue, 2 Novemba 1958

Baba,

Shikamoo. Nafanya mazoezi kila jioni na mwenye nyumba wangu, ambaye anajifanya Bi Uragami na kufurahia kupita kiasi. Bakuli letu ni kibuyu cha mchuzi wa soya kilichovunjika shingo. Jana miguu iliniganda nikashindwa kuinuka, akanivuta kwa mikono miwili huku akiniita mgeni mtukufu.

Maneno yako nimeyabandika ukutani mbele ya cherehani. Mbali na maua, mdomo nimefumba. Hilo nitaliweza, Baba, kuwa mtu wa mwisho nimezoea.

Ila hili la kubomoa tanuri limenikosesha raha. Babu alilijenga kwa mikono yake, nami nimekua nikipata joto lake mgongoni. Naogopa kuliko ninavyoweza kukuandikia. Nimekwenda hekaluni mara mbili, nikamwombea Mwalimu Takatsuka afya njema na mdomo mwepesi.

Mwanao,
Naeko


Matsue, Jumapili 9 Novemba 1958 (kadi)

Baba, bakuli lilitumika. Halikuvunjika. Wageni wote walilinywea. Siwezi kuandika zaidi kwa sasa na tafadhali usiniulize kwa nini. Usiende kwa Iwakura mpaka upate barua nyingine. Naeko.


Matsue, 11 Novemba 1958 (kadi)

Kaka Yasaku,

Haya nimeyapata kwa mtumishi wa Uragami anayenunua tofu ya soya kwangu kila asubuhi, na sijatia chumvi ila pale palipokosa ladha. Binti yako juzi aliingia kwenye chai ya watu, akatambaa moja kwa moja mpaka kiti cha mgeni mkuu, akaketi. Ndiyo, Naeko huyu huyu wetu. Takatsuka mzima akawa wa pili. Halafu bakuli lilipomaliza kuzunguka, binti akamgeukia mzee wa watu akamwambia maneno, na mzee akatoa machozi. Mtumishi alikuwa anapita na makaa, maneno hakuyasikia, ila machozi kayaona kwa macho yake mawili. Leo tofu zangu zimekwisha kabla ya saa mbili asubuhi, kila mtu anakuja kuuliza kama kweli mimi ndiye shangazi. Yule mtoto ulimlisha nini?

Dada yako, Toku


Otani, 12 Novemba 1958

Naeko,

Shangazi yako ameniandikia. Kwa mara ya kwanza maishani natamani angekuwa ametia chumvi zaidi, nipate la kutokuamini. Lakini kadi yako na yake nimeziweka pamoja juu ya gurudumu la kufinyangia, na zinaongea lugha moja.

Nilikwambia kaa mbali na maua. Maneno manne. Mtoto wa kubebwa mgongoni angeyaelewa.

Umekwenda kukaa juu ya watu wazima, kisha ukamliza mzee wa miaka sabini na minane nyumbani kwa mwenyeji. Mimi nina hasira naye, sikatai, nimelala nazo miaka kumi na moja na kuamka nazo. Lakini hasira hizo sikuwahi kuziingiza kwenye chumba cha chai, wala sikumlea mtu wa kuziingiza. Sasa hata akiwa ameuliza, itanisaidia nini? Watasema bakuli la Yasaku liliulizwa kwa sababu bintiye alimkaba mgeni mkuu koo. Jina langu lilikuwa limesahaulika, nami nilishazoea. Leo umelikumbusha kwa namna ambayo siwezi kutoka hata kununua miso ya mchuzi dukani.

Jumatatu naenda kwa Iwakura. Nimeshaanza kutoa matofali ya mlango wa tanuri.

Baba yako


Matsue, 14 Novemba 1958, kwa posta ya haraka

Baba,

Shikamoo. Weka hilo tofali chini, usome umesimama hapo hapo ulipo.

Nilimwahidi mtu kwamba sitakwambia kitu mpaka yeye akuandikie. Ahadi hiyo naivunja leo. Atanisamehe au atakataa, hiyo ni juu yake, lakini tanuri likishabomolewa hakuna msamaha utakaolisimamisha.

Kwanza kiti. Uliniambia kaa mbali na maua, na mimi nilikaa mbali na maua. Chumba cha Uragami kimejengwa kinyume, Baba. Marehemu mumewe alikitaka hivyo: jiko upande mwingine, maua huku chini, na mgeni mkuu anakaa ule mwisho wa pili. Wewe hukujua kwa sababu hukuwahi kuingia chumba chochote cha chai, uliishia nyuma ya mlango wa karatasi, na mimi sikujua kwa sababu mwalimu wangu ni wewe.

Niliingia nimechelewa. Bi Uragami alifumukiwa na ukingo wa mkono wa kimono dakika ya mwisho, nikabaki nyuma kumshonea. Nilipotambaa ndani nikakuta watu wanane wamesongamana upande wa maua, kila mmoja anamsukumia mwenzake: tangulia wewe, mimi nani bwana, wewe ndiye mkubwa. Unawajua watu wa chai. Wote walijua kiti ni cha Takatsuka, na Takatsuka mwenyewe alikuwa ameshakataa mara mbili kwa adabu, anasubiri ya tatu ili akubali. Nami nikaona pale penye nafasi, mbali kabisa na maua. Nikashukuru moyoni, nikaenda kwa magoti, nikaweka kipepeo, nikakaa. Wote wakanyamaza. Nikadhani wamependezwa na adabu yangu.

Mgeni wa mwisho akafunga mlango, ukagonga kwa ule mlio wake wa kumjulisha mwenyeji kwamba tumetimia. Takatsuka akaja kukaa upande wangu wa chini, akainama akasema, "Basi tuongoze, mgeni mkuu." Nikataka kuhama. Akaninong'oneza, "Mwenye nyumba anaingia. Ukihama sasa utamwaibisha yeye, hujiaibishi wewe. Kaa. Ukisahau neno nitakohoa."

Yule mtu unayemchukia, Baba, alinikoholea mara nne.

Niliulizia ua, niliulizia maandishi, niliulizia kitafunwa na jina la chai. Kisha Bi Uragami akakoroga chai nzito kwenye bakuli lako na kuliweka mbele yangu mimi. Wakati nakunywa ndipo nilipoona nilipojiingiza. Nikiuliza nani kalifinyanga, nitakuwa namsifu baba yangu mbele za watu, na siku wakijua watasema tulipanga na Bi Uragami. Nisipouliza, mimi mwenyewe, mwanao, ndiye niliyezima tanuri lako. Sijawahi kuogopa namna ile.

Nikafuta nilipogusa, nikampa Takatsuka. Akanywa. Hakulipitisha upesi. Kidole gumba chake kilikwenda kwenye zile alama tatu za vidole vyako juu ya kitako, pale rangi ya majivu ilipokosa kushika, kikatulia hapo. Ndipo nilipopata la kufanya.

Bakuli lilipomaliza kuzunguka na kunirudia ili nilitazame, nilimgeukia nikaweka mikono chini. Nilisema, "Mwalimu, nimekaa kiti hiki kwa kutojua. Mengine nimeuliza kwa niaba ya wote. Lakini bakuli hili macho yangu yamelizoea mno, hayafai kulisemea. Naomba swali hili uniulizie wewe." Basi. Hayo ndiyo maneno ambayo mtumishi hakuyasikia.

Hakuna mgeni anayekataa ombi kama hilo, na yeye hakukataa. Akauliza, "Limefinyangwa na nani?" Bi Uragami akajibu, "Kawatsu Yasaku, wa Otani."

Takatsuka akalichukua tena, viwiko magotini kama ulivyonifundisha, akalitazama mpaka nikahisi miguu si yangu. Halafu akasema, si kwa kunong'ona, "Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa mgeni mkuu, nikaliweka chini bakuli la mtu huyu bila kuuliza. Kosa lilikuwa la mgeni, halikuwa la bakuli. Nawaomba mlio hapa, na hasa mliokuwepo siku ile, mlisikie hilo kutoka mdomoni mwangu." Kisha akakisifu kitako, kwamba kimekatwa kwa mzunguko mmoja na mtu asiyekuwa na wasiwasi. Akausifu ukingo, unavyokaa mdomoni. Akazisifu alama za vidole. Machozi yalimtoka wakati anasifu, wala hakuyafuta, kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa na bakuli lako.

Wengine wote wakaomba kulishika mara ya pili.

Nje kwenye benchi la kusubiria nilimwambia mimi ni nani. Akasema ameshajua, mtu hagawi swali kama lile bure. Kilichokuwa nyuma ya kimya chake cha siku ile alikataa kuniambia. Alisema hilo ni deni lake kwako na atakuandikia mwenyewe, nami ninyamaze mpaka hapo.

Sikumkaba mtu koo, Baba. Nilikaa uliponituma.

Mwanao,
Naeko


Matsue, 14 Novemba 1958

Kwa Bwana Kawatsu Yasaku, Mfinyanzi, Otani

Bwana,

Baridi imeingia, natumaini huko mlimani mna kuni za kutosha. Barua ya mgeni kushukuru huandikwa kesho yake. Hii nimeichelewesha siku nne, na sababu utaiona chini.

Jumapili nilinywa chai kwenye bakuli lako. Nililosema, bila shaka utakuwa umelisikia kwa watu wengi kabla yangu. Nimebaki na la siku ile nyingine.

Asubuhi ya siku ile ya mwaka 1947 nililetewa karatasi ya serikali kwamba mwanangu Shunzo alifariki Siberia, kwenye kambi ya mateka wa vita. Nilikuwa nimekwisha kukubali mwaliko. Mgeni aliyekubali huja, na msiba wake hauingizi kwenye chai ya wenzake. Ndivyo nilivyofundishwa, na kwa miaka arobaini ndivyo nilivyofundisha. Basi nikaikunja karatasi ile kifuani nikaenda. Maua niliyaweza. Maandishi niliyaweza. Kisha likaja bakuli lako, likiwa la joto, nikalishika kwa mikono miwili. Nilijua nikifungua mdomo itakayotoka si sauti ya kuulizia bakuli. Nikaliweka chini, nikainama.

Sikulidharau, Bwana Kawatsu. Sikuliona. Na sikujua kwamba kimya kile kilikufungia milango. Kwetu watu humsoma mgeni mkuu, hawamwulizi. Wao walinisoma vibaya, nami sikuwahi kugeuka nyuma kutazama walichosoma. Hapo ndipo lilipo kosa langu, nami nakuomba radhi kwa kuinamisha kichwa mpaka chini.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikwenda kwanza kwenye nyumba ile kuliomba bakuli la 1947. Lipo kabatini ndani ya sanduku lake. Nimelitazama tangu chakula cha mchana mpaka wakawasha taa. Ni bora kuliko la Jumapili. Samahani kwa kukwambia kwamba mkono wako umeshuka kidogo. Nasikia ni kwa sababu ya figili.

Binti yako aliketi kiti changu kwa kukosea na akakitendea haki kuliko mimi nilivyokitendea siku ile. Alipewa nafasi ya kulisifia lililo lake, akainyoosha mikono akampa mwingine. Hilo sikumfundisha mimi, kwa hiyo nadhani ametoka nalo Otani.

Nasikia tanuri lako limepoa. Likiwashwa tena, naomba kuwa mgeni siku utakapolifungua. Kiti chochote kinanitosha.

Takatsuka Rin'ichi


SIMU YA MAANDISHI
Otani, 17 Novemba 1958, saa nne asubuhi

TANURI LINAWAKA. IWAKURA NIMEMKATALIA. WEWE SHONA. BABA.


Otani, 28 Novemba 1958

Mwanangu Naeko,

Nimekukosea. Naliandika hilo juu kabisa lisije likapotea katikati ya habari nyingine. Nilikupeleka mimi kwenye kile kiti, kisha nikakugombeza kwa kukikalia.

Barua yako na ya Mwalimu zilikuja mkono mmoja wa tarishi. Nilizisoma nimekaa juu ya yale matofali niliyoyatoa. Nimeona aibu, Naeko. Miaka kumi na moja nilikuwa namlaani baba aliyefiwa. Nililia, sikufichi, halafu katikati ya kulia nikaanza kucheka kwa sababu ya vile vikohozi vinne, na jirani akaja kuangalia kama nina homa. Siku ile ile nikaanza kuyarudisha matofali. Udongo nilikuwa nao, ule mzuri wa shimo la mto niliouficha miaka yote hii bila kujiambia naufichia nini. Mabakuli yaliyofinyangwa kimyakimya nilikuwa nayo thelathini na mawili, nyuma ya mitungi, yamekauka yanasubiri moto. Hata wewe sikukwambia. Mtu anayekwenda kukanyaga vigae ana haja gani na mabakuli thelathini na mawili? Nami sijui.

Iwakura alinuna kidogo, kisha akaomba alichungulie tanuri likiwaka.

Jana nimelifungua. Mazima ni ishirini na sita. Rangi imetoka ya majivu, na matatu yamepata wekundu wa ubavuni ambao sikuwahi kuupata hata ujanani. Wageni walipanda mlima tangu asubuhi: Mwalimu Takatsuka na fimbo yake, Bi Uragami na ile kimono uliyomshonea (ameniambia nikwambie kiuno kimekaa vizuri, sijui mna siri gani), na watu wanne wa chai ambao siku ile ya 1947 walikuwepo. Toku naye alikuja na ndoo ya tofu, hakualikwa na mtu. Niliwakalisha bandani juu ya mikeka ya mpunga. Sina tokonoma, sina ua, kwa hiyo hapakuwa na wa kugombana kuhusu juu na chini. Mwalimu alikaa mlangoni kwenye upepo.

Chai niliikoroga mimi, Naeko. Umri huu wote, ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa upande huo wa bakuli mbele ya watu. Ilikuwa na madonge. Bi Uragami aliyameza bila kukunja uso, na Toku akauliza kama nimeweka chokaa.

Mwalimu alipokea mojawapo la yale yenye wekundu. Akaligeuza, akanywa, akafuta, akashusha viwiko mpaka magotini akalitazama. Mimi nilikuwa mbele yake, hatua mbili, hakuna mlango kati yetu. Akaliweka chini taratibu. Akaweka mikono miwili mbele ya magoti, akanitazama usoni, akauliza:

"Bakuli hili limefinyangwa na nani?"

Yeye anajua. Mimi najua kwamba anajua. Waliokuwa bandani wote wanajua. Lakini aliuliza, na akasubiri ajibiwe.

Nikamjibu kwa sauti ambayo hata Iwakura, aliyekuwa nje kwenye kuni, aliisikia: "Nimelifinyanga mimi, Kawatsu Yasaku, wa tanuri hili."

Baba yako